Nilipata A ya kompyuta, ripoti ikanishinda

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza, hongereni. Mmeomba vyuo mtandaoni, mmeomba mkopo mtandaoni, na wengi wenu mmefanya yote hayo kwa mkono wa kijana wa steshenari. Basi tuanzie hapo. Kijana yule ndiye aliyekufungulia barua pepe, ndiye aliyekuchagulia paswedi, na huenda namba ya simu ya kuirejesha ikipotea ni ya kwake. Nasema kwa uhakika kwa sababu na mimi nimekuwa kijana huyo. Mwaka wa pili na wa tatu nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye steshenari inayotazamana na geti la chuo, na kila Oktoba haikosi mtu: "Kaka, ile paswedi yangu uliiandika wapi?" Sina daftari la paswedi za watu, mdogo wangu. Kabla hujahangaika na godoro la hosteli, ingia kwenye barua pepe hiyo, badili paswedi, weka namba yako. Habari za bumu, yaani pesa ya mkopo, huweza kupitia humo.

Mimi sikuzaliwa na kompyuta. Shule niliyosoma zilikuwepo saba, zimefunikwa vitambaa vya kudarizi kama makochi ya sebuleni, na zilifunuliwa siku wakaguzi wakija. Chuoni nikapangiwa kozi ya misingi ya kompyuta. Tulisoma vizazi vya kompyuta, tukachora mchoro wa vifaa vya kuingizia na kutolea taarifa, kisha tukafanya mtihani kwa kalamu, kwenye karatasi. Nilipata A. Mashine yenyewe niliigusa mara nne muhula mzima, na mara mbili kati ya hizo tulikuwa watatu kwenye kibodi moja.

A hiyo ilikuja kuumbuka nilipoandika ripoti ya fildi. Kurasa 42. Ukurasa wa yaliyomo niliutengeneza kwa mkono: naandika kichwa cha habari, nabonyeza nukta mpaka zifike pembeni, naweka namba. Nilijiona fundi. Msimamizi akanirudishia, akataka niongeze aya mbili tu kwenye sura ya pili. Nikaongeza, na kila kitu kuanzia hapo kikasogea. Yaliyomo yanasema ukurasa wa 19, sura yenyewe iko wa 20. Nikakesha narekebisha nukta moja moja, asubuhi nikagundua namba za kurasa za mwanzo, zile za Kirumi, zimeendelea mpaka kwenye hitimisho.

Dawa ya ugonjwa huo inafundishika kwa dakika 20. Kila kichwa cha habari kipe mtindo wake kwenye Word, pale palipoandikwa Heading 1, Heading 2, badala ya kukikoza wino tu na kukikuza. Ukishafanya hivyo, programu yenyewe inakutengenezea yaliyomo, na ukiongeza aya unaiamuru isahihishe namba. Za Kirumi zinatenganishwa na za kawaida kwa kukata waraka vipande kwa Section Break, halafu kwenye kipande cha pili unazima Link to Previous, ile kamba inayokifunga na cha kwanza. Nilikuja kufundishwa na mteja, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anasoma jioni. Kozi haikuligusa jambo hilo.

Pale steshenari nilijifunza kuwa tatizo kubwa la wanafunzi si kuchapa. Ni kutojua faili liko wapi. Mtu anafika saa nne kasoro, mwisho wa kukusanya asaimenti ni saa nne, nikimuuliza kazi iko wapi ananijibu, "Ipo WhatsApp." Kwenye simu inafunguka, ndiyo, lakini ukimwambia ailete kwenye mashine anakodoa. Ndiyo maana wanaosema kizazi hiki kimezaliwa na simu hakihitaji kozi nashindwa kukubaliana nao. Simu inakuficha mambo ya folda kwa makusudi, ili usisumbuke. Siku ukihitaji kuyajua, unakuwa mgeni. Tengeneza folda moja kwa kila somo. Jina la faili liwe na somo na tarehe, maana "final", "final mpya" na "final ya kweli" nimeziona zote kwenye flashi moja, na iliyoprintiwa ikawa siyo. Flashi nayo usiiamini peke yake. Inapita kwenye mashine za watu wote. Jitumie kazi kwa barua pepe kila jioni.

Excel nayo, programu ya majedwali na hesabu, msiikimbie eti nyinyi ni wa sheria au Kiswahili. Nikiwa kiongozi wa darasa niliorodhesha majina, simu na akaunti za watu 60 kwa ajili ya marejesho ya nauli. Sifuri za mwanzo zikapotea zote, na akaunti za tarakimu 13 zikageuka vitu kama 1.52E+11. Excel ilidhani ni hesabu. Safu ya namba za namna hiyo ifanye kuwa Text kabla hujaanza kuchapa. Na usione aibu: mwaka 2020 huko England wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya takwimu kwa siku kadhaa kwa sababu majibu yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Wataalamu hao!

Ningekuwa na sauti chuoni, kozi hii ingekuwa ya kila mtu, kila kitivo, wiki za kwanza kabisa, na mtihani ungefanyika kwenye mashine: chukua waraka huu uliovurugika, upange, uhifadhi, uutume. Anayeweza tayari afaulu siku ya kwanza aende zake, aachie kiti. Mpaka hapo vyuo vitakapoamka, maabara nenda Jumamosi asubuhi, wengi wanafua. Asiye na Word atumie LibreOffice, ni ya bure. Ukikuta kibodi ambayo herufi "a" imegoma, usikae hapo kwa huruma. Kiswahili hakiandikiki bila hiyo. Hama.