Shangazi, nilimnukulia rafiki yangu maneno ya Ayubu, akanifungia mlango

*"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Njombe, na ni katibu wa jumuiya katika usharika wetu wa Kilutheri. Mwezi wa tatu rafiki yangu, ambaye tunaimba pamoja sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, alifiwa na mwanawe wa miaka saba. Mtoto aliugua siku nne tu. Siku ya tatu baada ya mazishi nilimshika mkono nikamwambia, 'Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe.' Akauchomoa mkono, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu hapo hataki kuniona, na kanisani haji. Baadhi ya wazee wanasema imani yake imepoa, wanataka twende kundi zima na kwaya tukamwombee Jumapili. Na mimi mwenyewe siku hizi nikipiga magoti maneno hayaji. Nifanyeje?" – Mwanajumuiya, Njombe*

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote wawili.

Nianze na ule mkono uliochomolewa, maana naona ndio unaokunyima usingizi. Fungua Biblia yako, Ayubu sura ya 1, mstari wa 21, uangalie ni nani anayesema maneno uliyomwambia mwenzio. Ni Ayubu mwenyewe. Amepoteza watoto kumi siku moja, wavulana saba na mabinti watatu, amerarua joho lake, amenyoa kichwa, ameanguka chini. Hakuambiwa na mtu. Yalimtoka kifuani. Mfiwa akiyasema maneno yale, anaabudu. Mtu mwingine akimwambia mfiwa, na wanawe yeye wote wako shuleni wazima, anamtaka aabudu kabla hajamaliza kulia. Hukuwa na nia mbaya, najua. Ulikuwa na hofu ya kimya, na wengi wetu tukiogopa kimya tunakijaza kwa aya.

Wale rafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, tunawasema vibaya sana, lakini mwanzo wao ulikuwa mzuri. Sura ya 2 inasema walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hapana aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu mno. Kila nikisoma pale nauona msiba wa kwetu: makochi yametolewa nje, mikeka imetandikwa, akina mama wamejifunga khanga wamelala chini na mfiwa yuko katikati yao. Bibi zetu wengi hawakujua kusoma, lakini hili walilijua. Balaa lilianza rafiki wale walipofungua midomo kueleza kwa nini yamempata. Wakaeleza sura baada ya sura, mpaka Ayubu akachoka: "Ninyi nyote ni wafariji wenye kutaabisha." Hiyo ni sura ya 16. Ukifika ya 42 utaona Mungu amewakasirikia kina nani. Ayubu alilalamika, akauliza, akailaani siku aliyozaliwa, na bado Mungu anasema yeye ndiye aliyenena yaliyo sawa. Waliokemewa ni wenye majibu.

Nisomee hapo taratibu, mwanangu, halafu ukawasomee na wazee wako.

Mimi nilimzika binti yangu akiwa darasa la pili. Ni miaka mingi sasa. Turubai liliposhushwa na viti vya kukodi kurudishwa, nyumba ilikuwa na ukimya unaopiga kelele. Kulikuwa na jirani, mama muuza vitumbua. Kila siku akishamaliza kuuza alikuja, akaosha vyombo vyangu, akawasha jiko, akaweka uji mbele yangu, akakaa. Kambani kulikuwa na sweta la shule la mwanangu, la kijani, nililolifua yeye akiwa mzima. Watu wote wa msiba walikuwa wameinama kulipita. Yule mama aliniuliza kitu kimoja tu: "Nilianue au niliache?" Nikamwambia aliache. Jioni ile mvua ilinyesha. Asubuhi nikakuta sweta liko pale pale, limebanwa na vile vibanio viwili, lakini limekauka na linanuka moshi. Alikuwa amelianua usiku, akalikausha kwake juu ya jiko, akalirudisha kabla sijaamka. Hakuwahi kulitaja. Wiki ya tatu nikalianua kwa mkono wangu mwenyewe.

Ungeniuliza Mungu alikuwa wapi mwezi ule, ningekuonyesha vile vibanio. Sina maelezo mengine, na sikuyahitaji.

Sasa, hilo kundi la Jumapili, lizuie. Wewe ni katibu, sauti yako inasikika. Kwaya nzima kwenda kwa mama asiyeweza kufungua mlango kwa mtu mmoja, hiyo si faraja, hata ikianza kwa sala. Na neno "imani imepoa" naomba lisitamkwe tena mbele yako bila kujibiwa. Maandiko yanasema Raheli aliwalilia watoto wake akakataa kufarijiwa, na hakuna mahali anapokemewa kwa kukataa. Yesu akielekea kaburi la Lazaro alikuwa anajua kabisa anakwenda kumfufua, na bado alilia machozi. Hakumwambia Mariamu anyamaze kwa sababu muujiza uko njiani. Tumaini la ufufuo tunalo, rafiki yako pia analo, ameliimba miaka yote akisimama karibu nawe. Hajalisahau. Halijamzuia kumkosa mwanawe mezani, basi.

Nenda peke yako, siku ya kazi, si baada ya ibada. Usiende na Biblia mkononi, nenda na chakula kilichopikwa, maana mchele mbichi ni kumwongezea kazi. Eliya alipochoka akajiombea kufa chini ya mti, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule," na mkate ulikuwa umeshaokwa. Mwenzio akifungua, mwombe radhi kwa ufupi: "Dada, siku ile niliongea vibaya. Nisamehe." Usijieleze zaidi ya hapo, usije ukamfanya yeye ndiye wa kukubembeleza wewe. Asipofungua, mwachie chakula, mwambie kwa nje kwamba umekuja na utarudi siku fulani, kisha urudi siku hiyo kweli. Ukikosa neno, lugha yetu imetupa "pole". Haiulizi kitu, haielezi sababu, na inatosha.

Mtaje mtoto kwa jina lake. Akina mama waliofiwa wanaogopa sana siku ambayo jina hilo litaacha kutamkwa. Andika pembeni tarehe aliyozaliwa na tarehe aliyofariki, na siku hizo uwepo. Mumewe naye usimsahau, maana yeye ameambiwa "jikaze" toka makaburini na hakuna aliyemuuliza tena.

Lakini macho yawe wazi. Ukiona wiki zinapita halali, hali, au ukimsikia anasema anatamani kumfuata mwanawe, hilo usilinyamazie na usilimalize kwa maombi peke yake. Usimwache peke yake, mwambie mumewe, mwambie mchungaji, mfuatane naye hospitali siku hiyo hiyo. Daktari na sala havigombani.

Nimebaki na wewe na magoti yako. Unadhani maneno yamekatika kwa sababu umemkosea Mungu. Mimi nadhani na wewe umefiwa, ila hakuna aliyekupa pole kwa sababu si mama wa mtoto. Ulimwona akikua, alikuwa akikaa mbele kwenye mabenchi ya watoto mkiimba. Basi lia. Soma Zaburi ya 13 kwa sauti, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na ya 88, ambayo inaishia gizani na bado ni neno la Mungu. Hata hizo zikikushinda, piga magoti ukae kimya. Paulo anasema katika Warumi 8 kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Keti mbele za Mungu usiku hivyo hivyo ulivyo, na kesho yake utajua namna ya kuketi kwa rafiki yako.

Akikuuliza kwa nini Mungu amemchukua, mwambie hujui. Halafu usiondoke. Chukua ndoo, uangalie kama kuna vyombo vya kuosha.