Glavu za ngozi na mvua ya Timboroa: nta ya nyuki ndiyo imeniokoa

Juzi kijana mmoja wa Kericho amenitumia meseji, "Kaka, nimepaka glavu zangu grisi ya cheni, zinanuka na maji bado yanaingia, wewe hufanyaje?" Nimesoma nikasikia uchungu juu huyo ni mimi kabisa wa miaka mitatu iliyopita.

Mimi hubeba vifurushi kwa pikipiki, Nakuru hadi Eldoret. Wenye wamepita hiyo barabara wanajua, Salgaa bado ni sawa, Mau Summit baridi inaanza kukutafuta, halafu pale Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu, mvua ikikupata unaweza lia. Nilikuwa nimenunua glavu za ngozi duka moja hapa mjini, 3,500, na muuzaji akaniapia ati hata nizitie kwa ndoo maji haiingii. Mvua ya kwanza ya Aprili ikanipata nazo. Vidole vikafa ganzi, nafinya breki siisikii, nikasimama kwa kibanda cha chai na mama wa pale ndiye alinifungulia kamba ya helmeti. Kuvua glavu, mikono ni nyeusi hadi ndani ya kucha, rangi yote ya ngozi imehamia kwangu.

Nikafika nyumbani nikazianika juu ya jiko la makaa zikauke haraka. Asubuhi zilikuwa ngumu kama ganda la muwa, ukikunja kidole ngozi inapasuka. Ngozi iliyolowa haitaki moto jamani, inajikunja na hairudi. Nilipozirudisha dukani nikaambiwa mbele ya wateja kwamba mimi ni mshamba, sijui kutunza vitu. Hiyo bado inaniuma.

Aliyenifungua macho ni dada yangu, anafanya kazi hotelini Austria, kwa milima ya watu wa skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Ananiambia huko wengi huvaa glavu za ngozi hizi hizi, na theluji ikishikwa na mkono inayeyuka inakuwa maji, so shida yao ni yetu tu. Wanapaka nta kabla msimu haujaanza. Kuna dawa ya kopo inaitwa Sno-Seal, na hiyo ni nta ya nyuki. Nta ya nyuki! Na Baringo iko hapo tu. (Na mtu asiniambie skii ni ya wazungu, Philip Boit wa huku kwetu alishindana Olimpiki ya Nagano 1998.)

Nilinunua masega kwa mama anayeuza asali ya Marigat, huko Baringo. Nta unaiyeyusha kwa sufuria ndogo iliyokaa ndani ya kubwa yenye maji, usiweke moja kwa moja kwa moto, inashika. Chuja na kitambaa, vijiko vinne vya nta weka kimoja cha mafuta iwe laini. Glavu ziwe safi na KAVU, jaza magazeti ndani uache kivulini siku mbili. Halafu nazipasha na draya ya saluni ya jirani mpaka ziwe na joto la kikombe cha chai unachoweza kushika, napaka na vidole, napasha tena ngozi inywe. Kwa mshono natumia mswaki mzee, polepole, kwa sababu maji huingilia kwa matundu ya sindano kabla ya kwingine kote. Ziache hivyo usiku mzima, asubuhi pangusa, rudia mara mbili au tatu.

Vijana wenzangu, tuache haraka. Tunanunua kitu cha pesa nyingi halafu hatukipi hata jioni moja, mvua ikija tunalaumu Mungu. Tunza kitu chako kabla hakijaharibika, kausha polepole, mshono usiuruke.

Mvua ya masaa matatu bado itapita, siwezi kukudanganya, na nta inafunga jasho ndani pia, ndiyo maana hubeba soksi za mikono za sufu jozi mbili. Lakini wiki jana nimepita Timboroa ikinyesha, nikaangalia mkono juu ya hendeli, matone yamesimama kwa ngozi mviringo kama kwa jani la nduma, na breki naisikia.

Wewe wa Kericho, hiyo grisi ipanguse yote kwanza. Na kama zako ni za suede, zile za manyoya manyoya, nta usipake, manyoya yatalala.