Utangulie peke yako au mhame wote?

Ndugu, umeuliza kama utangulie wewe kuhamia ng'ambo, kisha mke na watoto wawili wafuate, au mwondoke pamoja. Kabla ya tiketi, tazama umri wa watoto. Kanada humhesabu kuwa tegemezi mtoto aliye chini ya miaka 22 na asiye na ndoa; Marekani chini ya 21; Uingereza kwa kawaida chini ya 18. Mkubwa akikaribia mpaka huo, ombeni pamoja. Ukiamua kutangulia, wataje wote kwenye fomu hata hivyo, maana huko Kanada, mtu uliyemficha mwanzoni mara nyingi hutaweza kumdhamini baadaye.

Kinachokwamisha wengi ni majina, na hakuna anayeliwaza hadi faili lirudishwe. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, pasipoti vile, cha ndoa kina herufi moja ya ziada. Sahihisheni mngali nyumbani. Kulifanya hilo ukiwa ng'ambo ni mateso. Ndipo mthibitishe vyeti: nchi yenu na ile mnayohamia zikiwa ndani ya Mkataba wa The Hague wa 1961, muhuri wa apostili, yaani wa kuthibitisha kuwa hati ni halali, hutosha, la sivyo, pitieni wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Cheti cha polisi, kile cha tabia njema, kiombwe mwishoni, kwa kuwa muda wake huisha upesi.

Viza ya mke je, inamruhusu kufanya kazi? Wengi hupanga bajeti ya mishahara miwili, wakifika unaingia mmoja. Mimi ningepiga hesabu ya kodi ya nyumba, bima na chakula kwa mshahara wako tu, isipotosha, tangulia.