Shughuli za mazingira shule ya msingi: anzeni na pipa la taka, miti itafuata

Ukitaja mazingira shuleni watu wazima wengi wanawaza kitu kimoja tu, kupanda miti. Inatafutwa siku, wageni wanaalikwa, watoto wanapangwa mstari kila mmoja na mche wake, picha zinapigwa za kutosha alafu basi, ukipita pale baada ya muda unakuta vijiti vikavu vimesimama na hakuna hata anayekumbuka nani alipanda nini. Nimekuwa mlezi wa klabu za mazingira za watoto kwa miaka mingi sasa, na mwalimu au mzazi akiniuliza aanzie wapi namjibu hivi, miti iache kwanza, anza na taka.

Mana taka zipo kila siku, hazisubiri mvua, hazitaki bajeti, na mtoto mwenyewe ndio anazizalisha kwahiyo hawezi kusema hainihusu. Alafu zinapimika, na kwangu hilo ndio kubwa kuliko yote. Mtoto wa miaka tisa ukimhubiria kuhusu kutunza mazingira atakuitikia "ndiyo mwalimu" na papo hapo anadondosha karatasi ya pipi, ila ukimpa mizani, daftari na zamu yake ya kupima ameshapata kazi, na watoto wanajua vizuri sana kutofautisha kazi ya kweli na ile ya kuwapotezea muda.

Ukaguzi wenyewe wa taka unaenda hivi. Chagua siku ya kawaida, isiwe siku ya sherehe wala mitihani, na usiwatangazie shule nzima mana wataanza kuficha taka zao. Mwisho wa siku mwaga mapipa yote kwenye turubai kubwa uwanjani, mtu mzima apite kwanza aondoe vioo vilivyovunjika, betri, sindano na chochote chenye ncha, watoto wavae glavu ndipo waanze kutenganisha mafungu: mabaki ya chakula na majani, karatasi, plastiki, vyuma, na yale ambayo hakuna anayejua yaende wapi (hilo fungu la mwisho ndio lina mijadala mizuri kuliko yote, waache wabishane). Kabla hamjapima waambie wakisie lipi zito zaidi. Karibu wote watasema plastiki kwasababu ndio fungu linaloonekana kubwa, alafu mizani inakuja kuwaumbua, mana plastiki inajaza nafasi lakini ni nyepesi na yale mabaki mabichi yaliyojaa maji ndio mazito. Hapo umefundisha ujazo na uzito bila kuandika chochote ubaoni. Andikeni kilo, chora chati, bandika pale ambapo watu wote wanapita, alafu rudieni muhula unaofuata kwa njia ileile.

Jambo moja muhimu ambalo watu wanalisahau, kabla hujawaambia watoto ongea na wafanyakazi wa usafi. Hao ndio wanaojua kila pipa linajaa saa ngapi na darasa gani lina vurugu, na wao ndio watabeba mzigo kama mradi wako utaongeza ndoo na kazi. Nimeona mradi mzuri kabisa ukifa kwasababu watoto wanatenganisha taka vizuri mchana, jioni anakuja mtu ambaye hakuna aliyemwambia chochote anamwaga yote kwenye shimo moja. Watoto wakiona hivyo mara moja tu, imani yao imeisha na sio rahisi kuirudisha.

Huu utaratibu wa kukagua kwanza sio ubunifu wangu. Eco-Schools, mpango wa kimataifa ulioanza 1994, una hatua saba na ya kwanza ni kuunda kamati yenye watoto ndani yake, ya pili ni ukaguzi, mpango wa kazi unakuja wa tatu. Shule nyingi zinaruka moja kwa moja kwenye mpango ndo maana mipango yao inafanana yote. Vilevile Roots & Shoots, ile programu ya vijana aliyoianzisha Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, mwaka 1991 pale Dar es Salaam na wanafunzi 12, watoto wenyewe ndio wanachagua tatizo la kushughulikia, liwe la watu, wanyama au mazingira. Wewe mtu mzima kazi yako ni kuuliza maswali na kushika kisu pale kinapohitajika kisu.

Sasa mkishajua kwamba mzigo mkubwa ni mabaki mabichi, mboji, yani mbolea ya mabaki yaliyooza, inakuja yenyewe. Mnahitaji lundo la kama mita moja kila upande, likiwa dogo sana halipati joto. Wekeni tabaka la vitu vikavu, majani makavu, vijiti vidogo, karatasi zilizochanwa, boksi, alafu tabaka la vitu vibichi kama maganda ya matunda na majani mabichi, kwa kukadiria ndoo mbili au tatu za vikavu kwa kila ndoo moja ya vibichi. Vikavu vina kaboni nyingi na vibichi vina naitrojeni, na vile vidudu visivyoonekana vinavyofanya kazi humo ndani vinataka vyote viwili. Maji yawe ya kiasi, ukifinya kiganja kimoja kiwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, sio kinachodondosha maji. Nyama, samaki, mafuta na kinyesi cha mbwa au paka hapana, utaita panya na magonjwa.

Watoto wanapenda sana ile habari ya joto. Lundo likiwa limepangwa vizuri katikati linaweza kupita nyuzi 55 za Selsiasi na hakuna aliyewasha moto, ni vijidudu tu vinakula na kupumua. Kama hamna kipimajoto kirefu chomekeni fimbo ya chuma hadi katikati, iacheni dakika chache, mtu mzima aishike kwanza ndipo watoto waguse kwa uangalifu. Yani utaona sura zao. Joto likishuka geuzeni lundo hewa iingie, litapanda tena. Na pua ni kifaa kizuri tu, likinuka yai viza hewa hamna humo ndani, geuzeni na ongezeni vikavu, likitoa harufu kali ya kuwasha pua basi vibichi vimezidi. Baada ya miezi mitatu mpaka sita hivi mnapata kitu cheusi kinachonukia udongo wa mvua. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila mara, hapo hakuna mjadala.

Shule yenu ni ndogo au haina uwanja? Tumieni ndoo yenye matundu na minyoo wekundu wa mboji, ikae kivulini, wapeni chakula kidogokidogo. Ila jueni darasa litaacha kusoma siku ya kwanza, wote wanataka kushika minyoo.

Kuna zoezi jingine naliita makaburi ya taka, halina gharama na halijawahi kuniangusha. Chimbeni mashimo mafupi, mmoja weka jani, mwingine kipande cha kitambaa cha pamba, mwingine karatasi, mwingine mfuko wa plastiki, wekeni kibao kila kaburi na tarehe, watoto waandike utabiri wao. Mfukue baada ya miezi miwili. Jani na karatasi mara nyingi vimechakaa au vimepotea kabisa, pamba imeanza kutoboka, plastiki iko vilevile unaweza kuiosha ukabebea vitabu. Baada ya hapo huna haja ya kuhutubia kuhusu plastiki, wanahutubia wao.

Tukija kwenye maji, tafuteni bomba linalovuja, kila shule inalo. Kikombe chini yake dakika kumi, pimeni. Tuseme mmepata mililita 100, hiyo ni 600 kwa saa, lita 14.4 kwa siku, na bomba likiachwa hivyo mwaka mzima ni lita zaidi ya 5,200. Hesabu ya kuzidisha ambayo mtoto aliichukia asubuhi anaifanya mchana bila kulazimishwa, kwasababu sasa anataka jibu. Alafu waandike barua kwa mwalimu mkuu wakiwa na hizo namba. Barua yenye namba inajibiwa haraka kuliko bango lenye maneno "maji ni uhai", hilo nakuhakikishia.

Kipima mvua nacho ni rahisi, chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, kata sehemu ya juu uigeuze mdomo uangalie chini, weka changarawe chini isipeperuke na maji kidogo mpaka pale upande unaponyooka, hapo ndo sifuri yenu, bandika rula. Milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwahiyo paa la mita 10 kwa 6 mvua ikinyesha milimita 20 limepokea lita 1,200. Kiasi fulani kinapotea njiani kwa kurukaruka na kuloweka paa, ila hata mkitoa hicho watoto wataanza kuuliza wenyewe mbona hatuna mfereji wa kuvunia na tangi.

Haya sasa miti. Siipingi jamani, napinga kuhesabu iliyopandwa badala ya iliyo hai. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti kule Kenya, mwaka 1977, wanawake walipewa malipo madogo kwa mche uliopona, sio kwa mche uliochomekwa ardhini. Ichukueni hiyo kanuni kama ilivyo. Pandeni michache, wekeni jina la darasa na sio la mtoto mmoja mana mtoto anahama, chagueni miti ya asili ya eneo lenu, pandeni mvua zikianza, na hiyo mboji yenu ya kule nyuma ndo inaingia shimoni. Swali la kujibu kabla ya kushika jembe ni nani atamwagilia wakati wa likizo. Likikosa jibu lenye jina na siku, msipande mwaka huu, otesheni kitalu tu mjifunze. Na baada ya mwaka mtangaze hesabu ya iliyo hai, hata kama ni aibu.

Kuna vitu nimeacha kuvifanya kabisa. Shindano la darasa litakaloleta chupa nyingi za plastiki, hilo linawafundisha watoto kununua soda zaidi ili washinde, shindanieni kupunguza. Mapambo ya taka ambayo yanapakwa rangi na gundi juu, yanakaa ukutani kidogo alafu yanaenda jalalani yakiwa hayawezi tena kurejelezwa. Na kuchoma plastiki nyuma ya madarasa baada ya kufanya usafi, tafadhali sana, ule moshi ni sumu na wanaoupumua ni haohao watoto mliowaambia wanalinda mazingira.

Umri pia uangalie. Wa miaka sita mpaka nane wape kuotesha mbegu kwenye pamba, kutafuta wadudu chini ya mawe na kuyarudisha mawe yalivyokuwa, kutenganisha taka kwa rangi za ndoo. Chati na barua ni za wakubwa. Habari za kutisha za dunia kuungua na barafu kuyeyuka usizimwage kwa wadogo, kuna mtoto atalala na hofu ambayo hana la kuifanyia. Akiuliza mjibu ukweli kwa ufupi kisha mrudishe kwenye kitu kilicho mikononi mwake, leo ni zamu yako kugeuza mboji twende.

Siku za kimataifa zitumieni kama tarehe ya kutoa ripoti, Siku ya Maji 22 Machi au Siku ya Mazingira 5 Juni, watoto wasome namba zao mbele ya wazazi badala ya kuimbishwa. Wazazi wanapenda namba pia, hasa zinazosomwa na mtoto wao, na mara nyingi hapo ndo utampata fundi bomba wa kujitolea au mwenye mizani bora kuliko yenu.

Mwisho wa mwaka wale wakubwa wanaondoka na ujuzi wote kichwani, na klabu nyingi zinakufa hapohapo. Kwahiyo mwezi mmoja kabla, kila mkubwa apewe mdogo wa kumfundisha kazi yake, wapime pamoja, waandike pamoja, alafu mdogo apime peke yake mkubwa akiangalia tu mikono mfukoni. Daftari la vipimo liwe moja, gumu, na likae ofisini kwa mwalimu, sio nyumbani kwa mtoto mana lazima litapotea.