Ngoma za Rock Band bila kidude cha USB
Ndugu yangu, hizo ngoma za kupiga zisizo na waya za Rock Band, ule mchezo wa video wa muziki, za PS3 (PlayStation 3) unazouziwa hapo Malindi bila kile kidude chake cha USB, ziache. Hicho ndicho kinachopokea mawimbi. Kikikosekana, PS3 haizioni kabisa, na kidude cha gitaa la mchezo huo hakifai badala yake. Kikipatikana, mwambie muuzaji aziwashe mbele yako, upige vibao vyote vinne, kisha uikanyage pedali upesi upesi. Pedali za toleo la kwanza, la 2007, ambalo ngoma zake zilikuwa za waya, ni plastiki tupu na zilikuwa zikikatika, kwa hivyo kama umewekewa hiyo, igeuze uitazame ufa. Springi nayo itazame, hewa yetu ya chumvi haibakishi chuma. Ukiwa na kompyuta, kidude hicho hicho unakichomeka na kucheza Clone Hero, mchezo kama huo wa kompyuta, tena bure.