Usimvue mtoto miwani ati jicho vivu lizoee kujitegemea

Mama wa Makorora hapa Tanga, umeuliza kuhusu jicho vivu la mwanao: usilipe hiyo pesa. Mtoto ana miaka 5, jicho la kulia 6/6, la kushoto 6/36 (yaani anachokiona kwa mita 6, jicho zima hukiona kwa mita 36), halafu mtu anakwambia umvue miwani "jicho lizoee" na ununue mazoezi ya macho ya kwenye kompyuta ya miezi sita? Miezi sita ya umri huo huipati tena. Anayekuuzia hatakuwepo mtoto akifika sekondari anategemea jicho moja.

Jicho vivu si msuli uliolegea. Mara nyingi jicho lenyewe ni zima. Ubongo ndio haukujifunza kulitumia, kwa kuwa picha inayotoka huko ni ya ukungu. Chukua mtoto anayehitaji lenzi ya plasi, yenye nguvu ya +1.50 kulia na +5.00 kushoto. Macho mawili hukaza, yaani hujirekebisha ili picha itulie, pamoja na kwa kipimo kimoja. Ubongo ukishakaza kiasi cha kulitosheleza la kulia unaishia hapo, na la kushoto linabaki na pengo la 3.50 mchana kutwa, atazame bahari au daftari. Umvue miwani, pengo liko palepale. Umzibe jicho zuri bila miwani, unaufundisha ubongo kwa picha mbovu, na jicho vivu kwa kawaida hata kukaza halikazi vizuri. Mazoezi gani yatafuta hilo?

Kwa hiyo miwani kwanza, na miwani yenyewe iwe imepimwa baada ya matone. Hapa ndipo wengi wanapoharibiwa. Mtoto anakalishwa mbele ya mashine, anaoneshwa picha ya puto, karatasi inatoka, fremu inauzwa. Mtoto wa miaka 5 ana nguvu kubwa ya kukaza macho, na akikaza, namba ya plasi hujificha: +5.00 inaweza kutoka kama +2.00. Inaniuma sana kuona watu wanaojua jambo hili wakiendelea kuuza hivyo hivyo kwa sababu matone yanachelewesha foleni. Kipimo sahihi ni matone ya saiklopentoleti au atropini kulegeza msuli wa kukazia. Kwa saiklopentoleti mnasubiri kama nusu saa au zaidi, kisha mpimaji anamulika jicho kwa retinoskopu, kifaa chenye taa, na kubadilisha lenzi mkononi. Mtoto hahitaji kujibu lolote. Mwanga utamsumbua na maandishi ya karibu hatayaona vizuri hadi kesho yake, hivyo mchukulie kofia. Atropini hukaa siku nyingi zaidi, na chupa yake ifungiwe kabatini, ni sumu ikinywewa.

Miwani hiyo avae tangu anaamka hadi analala, wiki 16 hadi 18, kisha apimwe upya. Wapo wanaopona kwa miwani peke yake. Jicho likigoma ndipo mnaziba lile ZURI: saa 2 kwa siku jicho vivu likiwa kati ya 6/12 na 6/24, saa 6 likiwa baya kuliko hapo. Saa 6 zimeonekana kufanya kazi sawa na kuziba mchana kutwa, kwa hiyo msimtese. Plasta ibandikwe kwenye ngozi, miwani ije juu yake. Kile kitambaa cheusi chenye mpira mtoto anachungulia pembeni, na saa zote hizo ni bure. Kwa joto letu la Tanga jasho huibandua, basi mwogeshe, mkaushe uso, ndiyo ubandike. Mpe kazi ya mikono, kuchora au kuchambua choroko, asikumbuke kuivuta. Macho yote mawili yapimwe kila baada ya wiki chache, maana hata jicho zuri linaweza kushuka likizibwa kupita kiasi. Likishapona msiache ghafla: toka saa 6 shukeni hadi 2 kwanza, kwani baadhi hurudi nyuma.

Mazoezi yana mahali pake, kwa watoto ambao macho hushindwa kukutana wanaposoma karibu. Hilo ni tatizo jingine. Na operesheni ya makengeza hunyoosha jicho tu, uoni haiurudishi.

Anayekwambia subiri litapona lenyewe akikua, usimsikilize. Kabla ya miaka 7 jicho huitikia vizuri zaidi, ingawa hata wa miaka 10 asiachwe. Na mboni ikionekana nyeupe kwenye picha ya simu, nenda hospitali leo hii, inaweza kuwa saratani ya jicho.

Nenda hospitali ya Bombo Jumatatu, na wakikuandikia rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, au CCBRT, Dar es Salaam, safiri. Popote utakapofika, kabla ya kulipia fremu uliza: mtoto atawekewa matone? Wakisema si lazima, mshike mkono mtoke.