Majenta inakatika baada ya saa mbili: acha kwanza kununua kichwa

Ndugu wa Kadutu, Bukavu, nimesoma shida yako. Mashini ya kuchapa mabango, upana mita 3.2, vichwa vinne vya Konica vya kurusha wino, wino wa solva, yaani wa kimiminika kinachoyeyusha plastiki. Asubuhi inachapa bashi, yaani turubai la bango, safi, baada ya saa mbili za kazi majenta, ile nyekundu ya waridi, inapauka, halafu inaacha mistari myeupe. Ukiipumzisha nusu saa rangi inarudi. Fundi amekuambia kichwa kimekufa, na bei ameshataja.

Kichwa kilichokufa hakifufuki kwa kupumzishwa nusu saa. Hicho chako kina njaa.

Nina mashini ya aina hiyo hapa Birere, Goma, tangu 2016, na vichwa viwili vya kwanza nilivyotupa vilikuwa vizima. Nilikuja kujua baadaye, nikiwa nimeshalipa. Kichwa hakina nguvu ya kuvuta wino kutoka mbali. Ndani yake kuna kristali inayojikunja ukiipitishia umeme, inarusha tone, na wino mwingine unaingia nyuma yake taratibu. Kama njia imebana, asubuhi kichwa kinakula akiba iliyojaa usiku. Ukipiga kazi yenye nyekundu nyingi, kama bashi za kampuni za simu au za kampeni, kinatumia kuliko kinacholetewa. Ukiipumzisha, akiba inajaa tena, nawe unadhani imepona.

Kwa hiyo kesho, kabla hujagusa sirinji ya kuoshea kichwa, fanya hivi. Chapa jaribio la matundu, ile karatasi inayoonyesha kila tundu la kichwa kama linarusha wino, liweke pembeni. Chapa majenta tupu, asilimia 100, upana wote, urefu wa mita moja na nusu, kwa kasi unayotumia kila siku. Mara moja baada ya hapo chapa jaribio la matundu tena, kisha la tatu baada ya dakika kumi. Kama matundu yanayokosekana ni yaleyale kwenye karatasi zote tatu, hapo kuna uchafu uliokauka au tatizo la umeme la kichwa chenyewe. Kama yanahama, mara haya mara yale, kuna hewa. Na kama lilikuwa zima, likapotea kundi zima baada ya ule mraba mwekundu, halafu likarudi lenyewe, ni njaa, na dawa yake haiko kwenye kichwa. Kwa jinsi ulivyoeleza, naweka dau langu hapo.

Sasa fuata wino kutoka chupani. Anza na kifuniko. Usicheke. Kijana wangu aliziba kitundu cha hewa cha kifuniko kwa gundi ya karatasi ili vumbi lisiingie, na kwa kweli vumbi la Goma, lile jeusi la lava, linastahili kuogopwa. Pampu ikavuta mpaka chupa ikaingia kiuno kama nyigu. Kitundu kiache wazi, juu yake funga kitambaa chepesi.

Kisha tangi dogo, lile kati ya chupa na kichwa. Boya la ndani likishuka ndipo pampu inapowashwa. Likinata kwa wino mzito, pampu hailii. Chapa ule mraba huku umeweka sikio karibu. Kama pampu ya majenta iko kimya wakati ya samawati inalia kawaida ukichapa samawati, umeshampata mchawi.

Lakini mara nyingi ni filtri, ile ya duara kati ya tangi dogo na kichwa. Hapa nina historia ndefu. Mwaka mmoja majenta yangu ya kawaida iliisha, barabara imefungwa, mfanyabiashara mmoja akaniuzia lita mbili za chupa nyingine kwa bei ya chini. Rangi ileile kwa macho, harufu ileile. Nikaimimina juu ya ile iliyobaki. Siku tatu hakuna neno. Siku ya nne nikaanza kuona hicho unachokiona wewe. Nilioshaosha kichwa wiki nzima, kila nikiosha kinarudi kwa saa moja, na kila kuosha nilikuwa nachoma solva na kuchosha matundu bure. Mwisho nikaikata filtri kwa msumeno mdogo. Ndani kulikuwa na ute kama maziwa yaliyoganda, mwekundu, umejipaka kwenye chujio lote. Wino wa viwanda viwili ulikuwa haupatani, ukagandana. Filtri ni dola chache. Kichwa wewe mwenyewe unajua.

Tangu siku hiyo wino mgeni hauingii kwangu kabla ya kulala kwenye kioo. Matone mawili, la zamani na jipya, unayachanganya juu ya kipande cha kioo, unakifunika, unaacha mpaka kesho yake. Ukiona punje au nyuzi, usimimine. Na hata ukiona safi, mimi huosha tangi na mpira kwa solva kwanza.

Mpira wenyewe sasa. Nimeona karakana kadhaa, za kwenu na za kwetu, wakibadilisha mpira wa wino uliopasuka kwa mpira wa seramu, ule wa dripu ya mgonjwa, wa duka la dawa. Unaingia vizuri, unaonyesha rangi, bei rahisi. Tatizo ni kwamba mpira wa seramu kwa kawaida ni plastiki ya PVC, na bashi unayochapa pia ni PVC. Wino wa solva unashika kwenye bashi kwa sababu unailainisha kidogo na kujipenyeza ndani. Basi unadhani utaufanyia nini ule mpira? Unauvimbisha, unaulegeza, na kinachoyeyuka kinakwenda moja kwa moja kwenye filtri. Nunua mpira wa solva hata kama utasubiri wiki utoke Kampala.

Geji ya mvuto hasi, ule mvuto mdogo unaozuia wino usidondoke kichwani, ipigie alama ya kalamu siku mashini ikiwa nzima. Ukizidi, kichwa kinavuta hewa kwa matundu. Ukipungua, wino unadondoka kwenye bashi ya mteja. Huhitaji kujua zaidi.

Kama baada ya yote hayo matundu ni yaleyale, ndipo uoshe kichwa. Zima umeme kabisa, toa waya mkuu ukutani, maana tone moja kwenye waya bapa wa kichwa linaunguza kadi ya umeme. Sirinji iende polepole, kwa uzito wa kidole, solva ya wino huohuo. Ikikataa kupita usisukume. Loweka, rudi baada ya saa kadhaa. Anayesukuma kwa nguvu anapasua ndani, halafu anasema kilikuwa kimekufa tayari. Kitambaa kiwe kisichotoa nyuzi, kiguse bila kusugua. Kwetu hili ni sheria: punje moja ya lava chini ya kitambaa inachora uso wa kichwa.

Nimejifunza kuloweka kwa shida. Mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulilipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, na Alhamisi ya tarehe 27 asubuhi tukaamriwa kuhama. Nilifunga mlango nikaondoka na watoto kuelekea Minova, mashini imejaa wino, vichwa viko wazi hewani. Tuliporudi Juni, uso wa vichwa ulikuwa kama rangi ya kucha. Siku mbili nililoweka kwa kitambaa chenye solva kilichofunikwa kwa plastiki, nikibadilisha asubuhi na jioni, bila sirinji. Vitatu vilirudi karibu vyote. Cha nne, cheusi, nilikuwa na haraka, nikasukuma.

Siku hizi kila jioni vichwa vinafunikwa hivyo, hata kama kesho ni Jumapili. Madirisha wazi na glavu mkononi, ile harufu si manukato. Na solva chafu iweke kwenye jagi, usiimwage kwenye mtaro: wewe na mimi tunakunywa ziwa moja, Kivu.

Fundi mwambie asubiri. Na filtri ya majenta ukiikata, usiitupe kabla hujaipiga picha. Nataka kuona ndani.